Nafasi za uzamivu kwenye jenomiki ya mimea: tazama kwanza pesa ni za nani

SWALI: Nina shahada ya uzamili katika uboreshaji wa mazao. Utafiti wangu ulikuwa wa mtama, misimu miwili shambani. Sasa nataka uzamivu upande wa jenomiki ya mimea (usomaji wa DNA yote ya mmea) na historia ya mazao, yaani jinsi yalivyotoka mwituni hadi mikononi mwa mkulima. Nimetuma maombi mengi kwenye nafasi zinazosemekana zina ufadhili, na mengi hayajajibiwa hata mstari mmoja. Matangazo yanataka watu wa kompyuta, nami ni mtu wa shambani. Je, nimwandikie profesa kwanza au nijaze fomu tu? Nitajuaje kama ufadhili upo kweli? Halafu nimeitwa usaili mmoja, ila zao lao ni shayiri, ambayo sijawahi kuishika. Niende?

JIBU: Ukimya huo mara nyingi hautokani na udhaifu wa mwombaji. Unatokana na barua ileile kutumwa kila mahali, ilhali nafasi zenyewe hazifanani. Neno "ufadhili" hufunika mipango minne tofauti ya pesa, na kila mpango una mtu wake anayeamua, vigezo vyake na kalenda yake. Kwa hiyo kabla hujatazama tangazo linahusu zao gani, tafuta pesa ni za nani.

Mpango wa kwanza ni wa mradi. Profesa ameshinda ruzuku, kwa mfano ile ya Baraza la Utafiti la Ulaya kwa watafiti wanaoanza kujitegemea, ambayo kwa kawaida hufika euro milioni 1.5 kwa miaka 5. Ndani ya bajeti yake ameweka mwanafunzi wa uzamivu na mtafiti mmoja aliyekwisha kuhitimu. Swali la utafiti limekwisha kuandikwa na kupitishwa, na muda wa ruzuku unakwenda. Huyu hahitaji umweleze ndoto zako. Anataka kujua kama kazi iliyopangwa kwa mwaka wa kwanza utaiweza, na barua yako ijibu hilo tu. Nafasi za namna hii ndizo nyingi Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Norway na Sweden, ambako mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa kwa mkataba na mshahara. Ujerumani utaona mkataba umeandikwa asilimia 65 ya ajira kamili. Usidhani utafanya kazi siku tatu kwa wiki: kinachopunguzwa ni mshahara, kazi utaifanya yote.

Wa pili ni wa programu. Hapa pesa ziko kwa chuo au shule ya uzamivu, na anayechagua ni kamati. Vyuo vingi vya Marekani hufanya hivi: unaingia programu ya baiolojia ya mimea au ya jenetiki, unafutiwa ada, unapewa posho, na katika programu nyingi unazunguka maabara mbili tatu mwaka wa kwanza kabla ya kuchagua msimamizi. Shule za kimataifa za Max Planck, jumuiya ya taasisi za utafiti ya Ujerumani, nazo huchagua kwa kamati, na ushirikiano wa mafunzo ya uzamivu unaofadhiliwa na BBSRC, baraza la Uingereza la utafiti wa baiolojia, hauko mbali na mtindo huo. Kamati haijui lolote kuhusu mtama wako, na nusu ya wajumbe hawajawahi kugusa mmea wa chakula. Wanapima uwezo wa kufikiri. Barua inayomfurahisha mwenye mradi itaipita kamati hii kama upepo, kwa sababu imejaa majina ya programu za kompyuta na haina swali hata moja.

Wa tatu ni mtandao wa mafunzo, hasa ile mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya. Vyuo na kampuni kadhaa huungana, wakapata ruzuku moja, kisha wakatangaza nafasi kumi au zaidi kwa mkupuo. Uraia si kikwazo. Kikwazo ni mahali ulipoishi: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umekaa au kufanya shughuli zako kuu kwenye nchi ya mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12. Usiwe na uzamivu tayari, vilevile. Kwa mtu ambaye hajawahi kuishi Ulaya sharti hili ni neema, kwa kuwa linawaondoa wenyeji wengi waliosoma palepale. Nafasi hizi hazijulikani vya kutosha. Ningekuwa wewe ningezitafuta kila wiki kwenye EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya nafasi za watafiti.

Wa nne ni ufadhili wako mwenyewe: unaomba wewe, unashinda wewe, unaubeba kwenda kwa msimamizi aliyekubali kukupokea. DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, na Jumuiya ya Madola wanayo mipango hiyo. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, hufadhili wanawake kutoka nchi zilizo nyuma kisayansi kusomea uzamivu katika taasisi za nchi za Kusini. Baada ya uzamivu orodha inaongezeka: mashirika ya sayansi ya uhai kama EMBO na Human Frontier Science Program, na ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwa waliohitimu uzamivu, yote yakimtaka mtafiti avuke mpaka wa nchi. Uhuru ni mkubwa kuliko kwenye mipango mingine, ila lazima swali la utafiti liwe lako, na uanze mapema, kwa kuwa msimamizi anahitaji wiki kadhaa kusoma andiko na kulisahihisha nawe.

Ukishaelewa hapo, swali la kumwandikia profesa linajijibu lenyewe. Kwenye mpango wa nne huna namna, mwandikie. Kwenye wa kwanza, mwandikie ikiwa tu una jambo la kuuliza ambalo tangazo halikusema, halafu ujaze fomu bila kungoja jibu. Kwenye wa pili inategemea: Marekani, programu nyingine haziruhusu mwanafunzi aingie bila profesa aliyesema atamlipa, nyingine hazimhusishi profesa mpaka umefika. Ukurasa wa programu husema. Kwenye wa tatu, fuata maelekezo ya fomu na uache barua za pembeni.

Barua yenyewe iwe fupi, aya mbili. Ya kwanza itaje jambo moja mahususi katika kazi yake na kile ulichokifikiria baada ya kulisoma. Ya pili iseme umefanya nini kinachofanana na hicho. Sentensi kama "tangu utotoni nimekuwa nikipenda mimea" iondoe. Nimeketi kwenye usaili wa kutosha kuapa kwamba haijawahi kumpandisha mtu hata nafasi moja kwenye orodha.

Kuhusu ukweli wa ufadhili, tangazo la kweli husema muda, kiasi au daraja la mshahara, nani anatoa, na nani anastahili. Zingatia hasa maneno yanayosema mradi unategemea ushindani wa ufadhili. Maana yake msimamizi ana wazo lakini hana pesa: atachagua mwombaji mmoja, kisha huyo atashindana na waombaji wa wasimamizi wengine chuoni. Si utapeli, ila uwezekano wako umegawanywa mara mbili, na ni haki yako kuuliza mwaka uliopita ilikuwaje. Pia yapo matangazo ya wanaojilipia wenyewe yaliyopangwa katikati ya yenye ufadhili, nayo hupoteza muda wa watu wengi. Sweden sheria imerahisisha mambo: chuo hakiruhusiwi kumsajili mwanafunzi wa uzamivu kabla ya kuhakikisha gharama zake za muda wote zipo. Ada ya kuomba ipo katika vyuo vingi vya Marekani, hiyo ni halali, na vingi huisamehe ukiomba kwa sababu zinazoeleweka. Lakini ukiambiwa utume pesa kwa akaunti ya mtu ili "kuhifadhi nafasi", funga mazungumzo.

Sasa huu unyonge wako wa kuwa mtu wa shambani. Hapa tunabishana.

Tazama sayansi yenyewe ilivyosogea. Mwaka 2000, kusoma jenomu, yaani DNA yote, ya Arabidopsis, kimmea kidogo chenye herufi za DNA zipatazo milioni 135, ilikuwa kazi ya muungano wa maabara za mabara tofauti. Mtama wako, wenye kama milioni 730, ulifuata 2009, mwaka uleule wa mahindi. Ngano ilisubiri hadi 2018 kwa sababu ina jenomu tatu ndani ya moja, jumla ya herufi kama bilioni 16, zaidi ya mara tano ya jenomu ya binadamu, na takriban asilimia 85 ya hizo ni vipande vinavyojirudia. Leo maabara moja inaweza kusoma aina kadhaa za zao moja kwa mradi mmoja. DNA imekuwa rahisi kupatikana. Kilichobaki kigumu ni kujua mmea wenyewe ulifanya nini ardhini: ulichanua lini, ulivumilia ukame kiasi gani, na kama tofauti uliyoipima ni ya jeni au ni ya kona ya shamba yenye unyevu zaidi. Data ya shambani ikiwa mbovu, hakuna hesabu ya kompyuta itakayoiokoa.

Kwa hiyo usiandike "nina uzoefu wa shambani" ukanyamaza. Andika ulipanda aina ngapi, kwa mpangilio gani wa vitalu, marudio mangapi, ulipima sifa zipi, na urithikaji wa kila sifa, yaani sehemu ya tofauti inayotokana na jeni, ulitoka kiasi gani. Kama kitalu kimoja kiliharibika, eleza ulivyokishughulikia kwenye uchambuzi. Msomaji mjuzi akiona hapo ataelewa kwamba una kitu ambacho mwanafunzi wa kompyuta tupu itamchukua misimu kadhaa kukipata.

Hata hivyo hoja ya kompyuta haiishi kwa kujitetea. Lazima uonyeshe kwamba hukimbii skrini nyeusi ya kuandikia amri za kompyuta. Vyeti vya kozi za mtandaoni mimi hunishawishi kidogo sana. Kinachonishawishi ni uchambuzi mmoja mdogo, uliofanywa kwa data za wazi, ukawekwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, pamoja na maelezo yanayomwezesha mtu mwingine kuurudia. Na nakushauri uchague swali ambalo jibu lake linajulikana tayari, ili ujue umekosea wapi.

Mfano mzuri ni mahindi. Yalitokana na teosinte, nyasi ya kusini magharibi mwa Mexico, miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Teosinte hutoa matawi mengi, mahindi husimama kwa bua moja, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatoka kwenye jeni iitwayo tb1, katika kromosomu ya 1. Pakua data za wazi za mahindi na teosinte, kromosomu hiyo moja tu ili kompyuta yako isizidiwe. Tumia programu tatu za bure: bcftools kuchuja, PLINK kupanga makundi, R kuchora. Kisha angalia utofauti wa kijenetiki unavyopungua ukikaribia tb1. Utakutana na jambo lililoonyeshwa tangu 1999: utofauti umepungua kwenye eneo lililo mbele ya jeni, lile linaloamuru iwake kiasi gani, wakati ndani ya jeni yenyewe haukuguswa sana. Mwaka 2011 kisababishi kilitambuliwa, kipande cha DNA kinachohamahama kiitwacho Hopscotch, kilichokaa makumi ya maelfu ya herufi kutoka kwenye jeni. Na kilikuwamo ndani ya teosinte muda mrefu kabla ya kilimo. Wakulima wa kwanza hawakungoja badiliko jipya litokee. Walikikuta kipo, wakakichagua.

Mtu aliyelifanya zoezi hilo kwa mikono yake anajua mambo ambayo hayafundishwi kwenye video: kwamba sampuli ambazo DNA yake ilisomwa mara nyingi na zile iliyosomwa mara chache hudanganya zikilinganishwa, kwamba ukoo wa mimea unaweza kujifanya uteuzi wa mkulima, kwamba nusu ya muda wa mtafiti huishia kwenye majina ya mafaili yasiyolingana. Hayo ndiyo tunayoyauliza kwenye usaili, kwa njia ya kuzunguka.

Kuna suala jingine ambalo waombaji hawaliulizi, nami naona ndilo linaloharibu shahada nyingi za fani hii kuliko ukosefu wa akili au bidii. Ni mbegu. Uliza kama mbegu za mradi zipo tayari. Mkataba ni wa miaka 3 au 4. Mradi unaotegemea mistari safi (mimea ambayo watoto wake hawabadiliki) iliyotokana na mchanganyo wa zao na ndugu yake wa mwituni unahitaji vizazi sita au zaidi vya kujichavusha baada ya mchanganyo wa kwanza. Zipo mbinu za kuharakisha. Mwaka 2018 ilichapishwa njia ya kuwasha taa saa nyingi kwa siku inayoipatia ngano ya majira ya kuchipua hadi vizazi 6 kwa mwaka. Lakini si kila zao linakubali taa, na aina za msimu wa baridi zinadai wiki kadhaa za ubaridi kabla ya kuchanua. Ukiambiwa kwamba michanganyo "itaanza ukifika", jua kwamba sura ya mwisho ya tasnifu yako haitakuwa na data.

Ndugu ya suala hilo ni vibali. Itifaki ya Nagoya, inayotumika tangu Oktoba 2014, inaitaka maabara ipate ridhaa ya nchi ilikotoka mbegu na ikubaliane nayo kuhusu mgawanyo wa manufaa. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea, wa 2001, uliweka njia fupi ya makubaliano sanifu kwa mazao yaliyoorodheshwa. Ngano, mpunga, mahindi, mtama na kunde yalimo. Soya, nyanya na karanga hayakuwamo kwenye orodha hiyo. Mradi wa ndugu wa mwituni wa zao lisilo kwenye orodha, ambao vibali vyake "vinashughulikiwa", unaweza kumla mwanafunzi mwaka mzima akiwa anasubiri sahihi. Uliza kwa upole, "Mbegu ziko benki gani, na karatasi zake zimekamilika?" Msimamizi mzuri hatachukia. Atafurahi kukuta mtu anayejua kazi inavyoendeshwa.

Mengine nayapita haraka. Wanaokupendekeza wawe waliokuona ukifanya kazi, hata kama hawana vyeo; barua ya mkuu wa idara asiyekujua husomeka hivyo. Makala ya kuchapishwa ni faida kwa mwombaji wa uzamivu, si sharti, na andiko lililowekwa bioRxiv, tovuti ya makala za baiolojia ambazo hazijapitiwa na jarida, linasomwa vizuri tu. Programu nyingi za Marekani hufunga maombi Desemba kwa kuanza mwaka unaofuata, nafasi za mradi Ulaya hutoka mwezi wowote. Na kama utapewa kazi ya mwaka mmoja ya msaidizi wa utafiti kwenye maabara nzuri, usiidharau. Ni mlango halali, na huko ndiko watu wengi wa shambani hujifunzia kompyuta huku wakilipwa.

Tuje kwenye shayiri. Nenda. Waliokuita wamesoma wasifu wako wakaona umefanyia mtama, hawatarajii uwe bingwa wa shayiri. Wanataka kuona kama maarifa yako yanahama.

Na hapa una bahati, kwa sababu hadithi ya mazao haya mawili inafanana mahali panapovutia kuliko pote. Nafaka ya mwituni hupukutisha mbegu zake zikiiva, na zao halina budi kuzishikilia. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba kwenye mtama jeni inayohusika ni Sh1, na kwamba iliharibika kwa namna tatu tofauti katika makundi tofauti ya mtama. Kwenye shayiri ni jeni mbili zinazopakana, Btr1 na Btr2, zilizoelezwa 2015: baadhi ya shayiri zina kasoro kwenye moja, nyingine kwenye ya pili, na yoyote kati ya hizo inatosha kuzuia suke lisivunjike. Mazao mawili, jeni tofauti, tokeo lilelile, na katika kila moja zaidi ya mara moja. Ukiweza kulieleza hilo kwa dakika tatu ubaoni, kisha ukauliza kama wao wanaona ushahidi huo kuwa ni wa chimbuko mbili za shayiri au wa mchanganyiko wa baadaye, usaili utageuka mazungumzo.

Jiandae na tofauti pia. Mtama una kromosomu 10 kwa seti, shayiri 7, lakini jenomu ya shayiri ni herufi kama bilioni 5, karibu mara saba ya mtama, na imejaa vipande vinavyojirudia. Hilo linabadilisha namna ya kusoma DNA na gharama zake, na huenda wakakuuliza ungeshughulikiaje. Jenomu ya rejea, yaani ya kulinganishia nyingine, iliyopangwa kwa kromosomu ilitoka 2017, panjenomu (mkusanyo wa jenomu za aina nyingi za zao moja) ya kwanza ya aina 20 ikafuata 2020, na nyingine ya aina 76 mwaka 2024, ikiwa na shayiri za mwituni ndani yake. Soma muhtasari wa hizo mbili za mwisho na mchoro mmoja mmoja, inatosha. Watakapokuuliza una swali gani, waulize shayiri zao za mwituni zilikusanywa wapi na lini, na kama bado zinaota.